Kwa mnaoanza kupima haki ya uwakilishi katika mabaraza ya madiwani

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu zenu na nimeona nisisubiri kikao. Grafu ni safi, fahirisi zimekokotolewa hadi desimali ya nne, na makosa ni yale yale ya waliowatangulia, ambao nao waliyarithi kwetu. Nawapenda na kazi hii naipenda, kwa hiyo leo sitazunguka mbuyu. Ripoti ya uwakilishi ikishatoka mikononi mwetu na kufika kwa madiwani, kwa asasi za wanawake, kwa watangazaji wa redio hapa Mwanza, hakuna anayekumbuka ile tahadhari tuliyoiweka ukurasa wa mwisho. Mitaani kinabaki kitu kimoja tu: "utafiti umeonyesha".

Fomula sitawafundisha, mnazijua. Mnajua pia tofauti ya kata na jimbo, mnajua meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na nyote mmeshakesha mkinakili matokeo ya vituo kutoka kwenye karatasi zilizopigwa picha vibaya. Nitasema yale ambayo fomula haiyasemi.

1. Anza na namba ya chini

Kila asilimia ina namba ya juu na namba ya chini, na ninyi mnaikimbilia ya juu. Rasimu moja imeandika kwamba kata fulani ya pembezoni "ina uwakilishi hafifu". Umegawanya kwa nini? Kwa watu wote waliohesabiwa kwenye sensa? Kwa wenye miaka 18 na zaidi? Kwa walioandikishwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura? Au kwa waliojitokeza siku ya kura? Hizo ni namba nne, na kata ile ile inaweza kuonekana imepunjwa kwa moja na kupendelewa kwa nyingine.

Chukueni kata zinazojengwa upya, zenye familia changa na watoto wengi. Ukitumia sensa, diwani wake anabeba watu wengi kupita kiasi. Ukitumia daftari, pengo linapungua, kwa sababu watoto hawamo. Hesabu zote mbili ni sahihi. Mtoto wa darasa la pili pale Kishili hapigi kura, lakini dawati, zahanati na kalavati la njia ya shule ni haki yake, na anayevipigania barazani ni diwani. Kwa hiyo ukipima mzigo wa diwani, tumia watu wote. Ukipima uzito wa kura ya mtu, tumia walioandikishwa. Ukikuta umechanganya hivyo viwili ndani ya jedwali moja, futa uanze upya. Usinitumie na maelezo marefu ya kwa nini umechanganya.

Na mwaka, jamani. Sensa ya 2012 iliikuta Nyamagana, wilaya ya Jiji letu la Mwanza, ina watu 363,452. Ya 2022 ikakuta 594,834. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 64 ndani ya miaka kumi. Jiji lina kata 18, kwa hiyo wastani kwa sensa ya 2022 ni watu 33,046 kwa kila diwani wa kata. Lakini ongezeko halikugawanywa kama posho. Katikati ya mji maduka na ofisi vinawasukuma watu nje, na watu wanakwenda kununua viwanja Buhongwa, Igoma, Kishili. Mpaka wa kata haujiongezi wenyewe kuwafuata. Mtu akichukua matokeo ya uchaguzi wa 2020 akayagawa kwa watu wa 2012, kama ilivyofanyika katika rasimu mojawapo, anapima mji ambao haupo.

Kipimo cha kawaida cha usawa wa kata mnakifahamu: toa kata ndogo kabisa kutoka kwenye kubwa kabisa, gawa kwa wastani. Marekani kipimo hicho kina meno. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, kwamba maeneo ya kuchagulia mabunge ya majimbo yanayounda nchi hiyo lazima yalingane kwa idadi ya watu. Mwaka 1968, katika kesi ya Avery dhidi ya Kaunti ya Midland, ikaishusha kanuni hiyo hadi serikali za mitaa. Kwa mabaraza ya miji yao, tofauti ya jumla ikizidi asilimia 10 mji unatakiwa ujieleze. Sasa naona mmeileta asilimia 10 hiyo Mwanza mkaandika kwamba kata zetu "zimekiuka". Zimekiuka sheria gani? Hapa mipaka ya majimbo ya ubunge ni kazi ya Tume ya Uchaguzi, mipaka ya kata inapitia mamlaka za serikali za mitaa, na idadi ya watu ni kigezo kimojawapo pamoja na jiografia na uwezo wa kuhudumia eneo. Itumieni asilimia 10 kama rula ya kulinganishia, msiifanye hukumu.

Hapo hapo kuna mtego ambao kila mgeni huangukia. Ilemela, manispaa jirani, ilikuwa na watu 509,687 mwaka 2022 na ina kata 19, wastani 26,826. Nyamagana ni 33,046. Tofauti ni asilimia 23, na kijana mmoja tayari ameandika kwamba mkazi wa Nyamagana "anapunjwa robo ya diwani". Hapana, ndugu yangu. Hayo ni mabaraza mawili. Diwani wa Buswelu hapigi kura kwenye kikao cha Jiji, wala wa Mkolani hapangi bajeti ya Manispaa ya Ilemela. Haki ya uwakilishi hupimwa ndani ya chombo kinachoamua. Kulinganisha halmashauri mbili kuna maana ukiuliza diwani ana kazi kiasi gani. Ukiuliza kura ya nani ni nzito, hakuna maana.

2. Viti maalum vihesabiwe mara mbili: peke yake, na pamoja

Hapa ndipo kazi yetu inapotofautiana na ile ya vitabu vya ng'ambo, na hapa ndipo napenda mkae muda mrefu kuliko mnavyokaa.

Madiwani wetu wa kata wanapatikana kwa mshindi kuchukua kila kitu. Juu yao wanaongezwa wanawake wa viti maalum, wasiopungua theluthi, na viti hivyo vinagawiwa vyama kwa kufuata idadi ya kata ambazo kila chama kimeshinda. Kwenye ubunge hesabu hufuata kura. Kwenye udiwani inafuata kata. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu kwenye fahirisi yako.

Tufanye mfano wa darasani, vyama vya kubuni. Baraza lina kata 18. Chama A kina asilimia 50 ya kura zote na kimeshinda kata 14. Chama B kina asilimia 35 na kata 4. Chama C kina asilimia 15 na hakina kata. Tumieni fahirisi ya Michael Gallagher ya mwaka 1991, inayopima jinsi viti vinavyopishana na kura, sifuri ikiwa ni kulingana kabisa: tofauti ya asilimia ya viti na ya kura kwa kila chama, ipandishe kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mtapata 24.1. Ni kubwa.

Ongeza sasa viti maalum sita kwa kufuata kata. A inapata vitano, B kimoja, C hakuna. Baraza ni watu 24: A 19, B 5, C sifuri. Fahirisi inapanda hadi 25.3. Viti tulivyoviongeza kwa nia ya haki vimezidisha kidogo upotofu wa vyama, kwa sababu vinanakili picha ya kata na kuikoleza kwa kule kukamilisha namba nzima. Sasa gawa sita hizo hizo kwa kufuata kura: A tatu, B mbili, C moja. Fahirisi inashuka hadi 18.0.

Mwanafunzi mmoja aliponiona nikiandika hayo ubaoni aliuliza, "Kwa hiyo viti maalum havina faida?" Nikamwambia ahesabu wanawake. Tuseme kata 18 zimetoa mwanamke mmoja, jambo ambalo si la kubuni sana: katika chaguzi za 2015 na 2020 wanawake hawakufika asilimia 10 ya madiwani wa kata nchini. Bila viti maalum, baraza lina mwanamke 1 kati ya 18. Pamoja navyo, 7 kati ya 24, asilimia 29. Viti vile vile sita vinaponya pengo moja na kulipanua kidogo jingine. Ripoti inayotoa fahirisi moja tu ya "haki" inaficha hilo, na mimi sitaisaini.

Kwa hiyo kila ripoti iwe na majedwali haya bila kuulizwa: vyama kwa kata pekee, vyama kwa baraza zima, jinsia kwa kata pekee, jinsia kwa baraza zima. Msijumlishe yote manne kuwa alama moja. Najua wafadhili wanapenda alama moja.

3. Kata haina kidole cha kutia wino

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na naona wawili wenu wako mlangoni mwake, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa mgeni kama ninyi, kwenye mradi uliokwisha zamani. Shirika silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Tuliombwa kueleza kwa nini wagombea wanawake wanapata kura chache katika kata za mwambao. Nikachukua asilimia ya kaya zinazotegemea uvuvi katika kila kata, nikachukua asilimia ya kura za udiwani zilizokwenda kwa wanawake, nikachora. Nukta zikashuka kutoka kushoto kwenda kulia vizuri kabisa. Kata zenye wavuvi wengi, kura za wanawake kidogo. Mgawo wa uhusiano ulikuwa mkubwa, namba ya uwezekano ilikuwa ndogo, kila kitu kilikuwa kama tulivyofundishwa. Nikaandika sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Kaya za wavuvi haziwaungi mkono wagombea wanawake."

Wakubwa wangu waliipenda. Ilikuwa fupi, ilikuwa wazi, na ilithibitisha kile ambacho watu wa mjini tayari walikuwa wanakiamini kuhusu watu wa mwaloni, kule kunakoshushwa samaki. Hilo la mwisho lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Tukaenda kuwasilisha Igombe. Watu walikaa kimya hadi mwisho, kisha akasimama mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, huyo mvuvi uliyemwandika hapo, ulimwona akipiga kura?"

Nikamweleza kuhusu uhusiano wa takwimu. Akanisikiliza kwa heshima ambayo sikuistahili. Kisha akasema mume wake na vijana wake wawili walijiandikisha hapa nyumbani, na siku ya kura walikuwa kambini, visiwani. Mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Mitumbwi haikurudi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, na wa sangara hufuata samaki, na hakuna anayeacha nyavu zake kisiwani ili aje kupanga foleni. "Waliobaki kupiga kura hapa," akasema, "ni sisi wanawake, na walimu, na wenye maduka. Kama mwanamke hakupata kura, basi umetuandika sisi, hukuwaandika wao." Akasimama mwingine akauliza, "Na huyo mgombea mwanamke wa kwetu alikuwa nani? Mbona mimi sikumwona kwenye karatasi?"

Swali hilo la pili ndilo lililonimaliza. Nilirudi kwenye faili usiku ule. Katika kata kadhaa za mwambao hakukuwa na mgombea mwanamke hata mmoja, chama chochote. Mimi nilikuwa nimejaza sifuri. Sifuri inasema: alisimama, akakataliwa. Nafasi tupu inasema: hakuna aliyeulizwa. Nilipoziondoa kata hizo, ule mteremko mzuri ulibaki ukungu wa nukta usioelekea popote.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisahihisha na mambo yakaisha. Nilisahihisha. Tulituma barua kwa kila aliyepokea ripoti. Lakini sentensi ilikuwa imeshatoka. Asasi moja iliyokuwa inaandaa mafunzo kwa wanawake wanaotaka kugombea ilikuwa imeshaamua kupeleka nguvu kata za katikati ya mji, kwa hoja kwamba mwaloni "hakuna mwitikio". Wanawake waliokuwa wameombwa wakae tayari hawakufundishwa mwaka ule. Hakuna programu inayokuonya kuhusu kitu kama hicho, na ninaposoma rasimu ya mwenzenu inayosema "vijana wa bodaboda hawajali uchaguzi wa madiwani", kwa ushahidi wa asilimia za kata, moyo wangu unarudi Igombe.

Kosa hili lina umri. Mwaka 1950 William Robinson alichukua sensa ya Marekani ya 1930 na kuonyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma, ungedhani wahamiaji ndio wasomi. Alipoangalia mtu mmoja mmoja, uhusiano uligeuka: wahamiaji ndio waliokuwa na shida zaidi ya kusoma. Walikuwa wamehamia tu kwenye majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Takwimu za eneo ni za eneo.

Njia za kujikinga zipo. Leo Goodman alipendekeza rigresheni yake, yaani kukadiria kura za makundi kutokana na takwimu za maeneo mengi, mwaka 1953, mwaka huo huo Duncan na Davis wakaonyesha jinsi ya kutafuta mipaka ya juu na ya chini, na mwaka 1997 Gary King akaziunganisha njia hizo. Kabla ya kugusa za kisasa, fanyeni ya mipaka kwa mkono. Kata ina wapiga kura ambao asilimia 40 ni wavuvi, na mgombea mwanamke amepata asilimia 30 ya kura zote. Ni wavuvi wangapi walimpigia? Inawezekana hakuna hata mmoja, kura zake zote zikatoka kwa wengine. Inawezekana ni asilimia 75 ya wavuvi, na wengine wote wakamnyima. Kuanzia 0 hadi 75: hicho ndicho kata hiyo inachokujulisha. Andika hivyo. Kama jibu ni pana mno kwa mwenye mradi, mwombe nauli ya kwenda kuuliza watu.

4. Mambo madogo, myashike tu

Kata ambako mgombea alipita bila kupingwa haina kura za udiwani, kwa hiyo usiipe chama chake asilimia 100, taja kata hizo kando na toa hesabu pamoja nazo na bila hizo.

Kura zilizoharibika zisitupwe kabla ya kuziangalia, kituo chenye nyingi kupita vingine kina jambo la kueleza.

Tumia kura za udiwani kupima baraza la madiwani, usiazime za urais kwa sababu ni rahisi kupatikana.

Piga picha fomu ya matokeo iliyobandikwa nje ya kituo siku ile ile, mvua ya Mwanza haina subira.

Hifadhi majina ya kata kwa tahajia moja, nimeona Mecco imeandikwa kwa namna tatu ndani ya faili moja na kompyuta ikahesabu kata tatu.

5. Kitabu cha Marekani kisomwe, kisivaliwe

Nyote mmesoma kesi ya Thornburg dhidi ya Gingles ya mwaka 1986, vizuri. Iliweka masharti matatu kwa kundi la wachache linalodai kura zake zinamezwa: liwe kubwa na limekaa pamoja kiasi cha kuweza kuwa wengi katika eneo moja la uchaguzi, liwe linapiga kura kwa mshikamano, na walio wengi wawe wanapiga kura kama kundi kiasi cha kuwashinda wagombea wake mara kwa mara. Takwimu nyingi tunazozitumia zilikomaa katika mahakama za aina hiyo, zikibishaniwa kwa mabaraza ya miji ambayo madiwani wake wote walichaguliwa na mji mzima, mtaa wa wachache ukashindwa kila mwaka.

Lakini pale kundi linahesabiwa kwenye sensa. Sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Mmoja wenu, na ninamheshimu kwa bidii yake, amejaza pengo hilo kwa kukisia kabila la wagombea kutokana na majina. Naomba safu hiyo ifutwe, na nakala yake ifutwe. Kwanza ni hesabu mbaya: huu ni mji wa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wajaluo, Wakurya na wengine, watu wameoana kizazi hadi kizazi, na nusu ya wagombea wana majina mawili ya ubatizo au ya Kiislamu. Pili, hata kama ungepatia, ungekuwa umetengeneza orodha ambayo mji huu haukukuomba na hauihitaji. Tunayo makundi ambayo watu wenyewe wanayataja wanapolalamika: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, wapangaji, wa milimani kusikofika maji, wa mwaloni. Anzieni hapo.

Kinachofaa kuazimwa kutoka kule ni tabia ya kujaribu mifumo. Cambridge, Massachusetts, wamechagua baraza lao la watu tisa kwa kura za kupanga wagombea kwa mapendeleo tangu 1941. Portland, Oregon, walibadili kabisa, na Novemba 2024 wakachagua madiwani 12 kutoka maeneo manne, watatu kila eneo, kwa mfumo wa namna hiyo. Mkitaka kujua matokeo ya Mwanza yangekuwaje chini ya utaratibu mwingine, hapo kompyuta ina kazi halali. Onyeni tu kwamba wapiga kura na vyama hubadili mwenendo utaratibu ukibadilika, kwa hiyo kura za jana ukizipitisha kwenye mfumo mpya unapata zoezi, hupati utabiri.

6. Kata 18 ni chache

Chama chenye asilimia 35 katika kila kata, sawasawa mji mzima, kinaweza kukosa kiti hata kimoja bila mtu yeyote kuiba chochote. Chama chenye asilimia 15 zilizokaa kata mbili kinaweza kuzipata zote mbili. Mtawanyiko ndio mwenye kauli. Kabla hujaandika "mfumo umewaonea", iambie kompyuta isogeze kura kidogo, pointi chache huku na huko katika kila kata, mara nyingi, uone viti vinabadilika kiasi gani. Kata mbili zilizoamuliwa kwa kura chache zikigeuka, fahirisi yako inaruka. Andika masafa ya majibu, usiandike jibu moja.

Kwa wanawake, fuateni ngazi moja baada ya nyingine: wangapi walichukua fomu, wangapi walipita kura za maoni ndani ya chama, wangapi waliteuliwa, wangapi walishinda. Mwanamke aliyeanguka ngazi ya pili hayumo kwenye matokeo ya Tume, na mara nyingi jibu liko hapo. Takwimu za ngazi hizo za mwanzo ziko kwenye madaftari ya makatibu wa kata wa vyama. Nendeni kwa adabu, mkae, mnywe chai, msitoe dodoso mlangoni.

7. Mkisimama mbele ya madiwani

Diwani atakuuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo mimi siwakilishi watu wangu?" Usimjibu kwa fahirisi. Fahirisi ni ya baraza zima, haimhusu yeye. Mwonyeshe mstari wa kata yake: watu, mwaka wa namba hizo, walioandikishwa, waliopiga kura, na jinsi kata yake inavyolingana na wastani wa 33,046. Mwambie wazi kwamba namba hizo zinapima mipaka na utaratibu, hazipimi bidii yake. Wengi hushusha mabega wakisikia hivyo, na wanaanza kukutajia mitaa iliyozaliwa baada ya sensa, nyumba zilizohamia ng'ambo ya mpaka, kituo cha kura kilichowekwa mbali na watu. Hapo acha kuwasilisha, andika majina ya mitaa hiyo, na mwombe mtendaji wa kata akuonyeshe kwenye ramani kesho yake asubuhi.